Mfuko wa Baba Mkwe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa mujibu wa kishikwambi cha Agnes, nilikuwa nimekwisha kuokoka. Nukta yangu ya kijani, namba moja, ilikuwa imeuvuka mkuza, ile njia pana iliyofyekwa kuzuia moto, imeteremka kwa mwendo wa kijana, na sasa ilikuwa inaukaribia uwanja wa shule, ambako akina mama walikuwa wamepanga ndoo za maji na sufuria ya uji. Agnes aliweka alama ya vema mbele ya jina langu. Mimi mwenyewe, saa hiyohiyo, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe ndani ya korongo, nusu kilomita juu ya mkuza, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba mfano wa boga, na moshi umetanda kiasi kwamba niliponyoosha mkono sikuviona vidole vyangu.

Mwanzoni sikuwa na hofu. Nilikuwa na hasira, na hasira humpa mzee joto la kutosha hata pasipo moto.

Yaliyonifikisha pale yalianza miaka miwili kabla, kwa barua.

Kijiji chetu kiko Suji, juu kabisa, mahali ambapo migomba inaishia na msitu unaanza. Kila kiangazi moto hupanda kutoka mashambani, nasi huuzima kwa msaragambo: pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu, kama walivyofanya babu zetu walipochimba mifereji. Nilipostaafu ualimu mkuu, wanakijiji walinichagua kukiongoza kikosi cha watu kumi na wawili wanaotangulia kuuingia msitu. Nilikiongoza nilivyoongoza shule. Nilisimama kwenye njia na daftari. Mtu akiingia niliandika, akitoka nilifuta. Mfumo huo ulinitosha hadi siku alipopotea Clemence, seremala wetu. Daftari lilionyesha kwamba ameingia na hajatoka. Halikuonyesha alipo. Tulimtafuta kwa saa sita, tukamkuta hai chini ya mwamba, nyayo zimeungua, naye akatuuliza tulikuwa tumesimama wapi kunywa chai. Tulicheka sana, lakini Clemence hakupanda tena msituni, na nafasi yake ya kumi na mbili ikabaki tupu.

Katika majuma hayo nilisikia redioni kwamba watafiti walioko mbugani, kule chini Mkomazi, humfunga mbwa mwitu ukanda wenye kifaa, na kwa kifaa hicho hujua alikolala, alikokimbilia, na hata kama anaumwa homa. Nilichukua kalamu ya wino. Niliandika kwa ule mwandiko wa mshazari ambao wamisionari walitufundisha kwa rula juu ya vidole, na baada ya salamu niliuliza swali moja tu: ikiwa mnajua alikolala mbwa, mnashindwaje kujua alipo mwanadamu?

Jibu lilikuja na miguu yake. Lilikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya kupandia milima, jina lake Agnes, na barua yangu alikuwa ameitia ndani ya plastiki kama cheti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kujibu swali?"

"Nimekuja kukiri kwamba hatukuwahi kujiuliza."

Nilimpenda tangu hapo, ingawa sikumwonyesha. Alikaa nasi miezi mingi. Aliisimika milingoti mitatu juu ya vilele, mirefu kama ya bendera, yenye vioo vya kunywa jua, ili vifaa viongee bila kutegemea mtandao wa simu, ambao kwetu huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Kile cha mbwa alikifungua, akakiunda upya kwenye meza ya jikoni kwangu, akakiongezea kipimo cha joto la nje kitakachomwonya mtu kabla ngozi yake haijamwonya. Kilipokamilika kilikuwa kisanduku cha kadiri ya viberiti viwili vilivyobandikwa pamoja. Siku ya kutuonyesha, alikuwa amekishona kwenye ukanda wa shingoni.

Niliupokea ukanda, nikaugeuza, nikamrudishia.

"Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hafungwi ukanda wa mbwa," nilisema.

"Mwalimu, kikigusa ngozi ya shingo kinasoma na mapigo ya moyo. Moyo ukinipa habari, siwezi kukosea nani ni nani."

"Moyo wangu anaujua Muumba. Wewe ijue miguu yangu, inatosha."

Fanueli, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza na msaidizi wangu kikosini, alikuwa amekaa nyuma akichonga mpini. "Na ukitufunga hivyo, binti yangu," alisema bila kuinua uso, "usisahau na chanjo ya kichaa."

Watu walicheka, na kicheko kikaamua shauri. Ukanda ulikataliwa. Niliagiza visanduku vishonwe ndani ya mifuko yetu ya mgongoni, mahali pa heshima, pamoja na maji na filimbi. Agnes alijaribu mara mbili kunieleza kinachopotea. Mara ya tatu alikizima kipimo cha moyo, akashona kama nilivyoagiza. Nayaandika haya wazi kwa sababu baadaye wengi walimlaumu yeye.

Sasa nimtaje Hamidu.

Miaka minne kabla ya moto huu, binti yangu Dorkasi aliolewa na kijana wa kijiji cha Kisiwani, kule chini tambarare, mnunuzi wa maharage na tangawizi, Mwislamu na mtoto wa Waislamu. Wazee wake walipanda Suji mara mbili kuniomba. Mara zote mbili niliwapa chai, na mara zote mbili sikuwapa jibu. Vijana wakafunga ndoa bomani. Sikwenda. Tangu siku hiyo kijana alifika nyumbani kwangu kila msimu wa maharage, akasimama uani, akaniamkia kwa kunyenyekea, nami niliitikia "marahaba" kwa kuwa salamu haikataliwi, kisha nikaingia ndani. Sikulitamka jina lake. Akikaa kivulini, mimi nilitafuta jua. Mke wangu alisema kwamba ukaidi wangu ungetosha kuendesha mashine ya kusaga. Nami nilimwambia kwamba huo si ukaidi, ni msimamo. Na ndani ya nafsi yangu nilikwisha kuona kwamba msimamo huo unanichosha, ila sikujua mtu hushukaje kutoka juu ya kitu kama hicho bila kuonekana na watu.

Juma lile la moto Dorkasi alikuwa amepanda kumuuguza mama yake goti. Pembe ilipolia alfajiri ya Alhamisi, Hamidu alikuwa ndiyo kwanza anafika na gari lake kuchukua maharage. Alilipakia mapipa ya maji badala yake, akayafikisha uwanjani, kisha akauliza kama kikosi kina upungufu. Fanueli alimwambia kwamba kipo kiatu kimoja kitupu tangu siku za Clemence. Agnes akampa mfuko. Mimi, kwenye daftari, niliandika "Na. 12", na mbele yake sikuandika jina.

Tulipigana na moto ule kwa saa tatu. Kazi ilikwenda vizuri. Kishikwambi kilimwonya Agnes joto lilipozidi upande wa kushoto, naye akatuonya kwa redio, tukasogea kabla miti ya miwati haijawaka. Nilimsikia Fanueli akimwambia mwenzake kwamba tangu azaliwe hajawahi kutunzwa hivi hata na mkewe. Kisha upepo ukageuka. Niliamuru watu wateremke kuvuka mkuza, nikasimama kando ya kisiki kuwahesabu wakipita. Mfuko wangu niliutua kisikini, kwa maana mgongo wa mtu wa miaka sabini na moja una maoni yake.

Wa mwisho kupita alikuwa mkwe wangu. Alisimama.

"Baba, nikubebee mfuko."

Kwetu mkwe hamwachii baba mkwe mzigo. Ni afadhali aonekane amelewa kuliko kuonekana akitembea mikono mitupu huku mzee wake ameelemewa. Hata baba mkwe aliyemkataa, sheria ni ileile. Pengine kwa huyo ni kali zaidi. Kumnyima mzigo mbele za watu ingekuwa kumtukana hadharani pamoja na binti yangu, na kumpa ingekuwa kumkubali. Basi nilifanya nilichokuwa nimekizoea. Sikujibu. Nilitazama juu mlimani, kama mtu anayeyasoma mawingu.

Alingoja kidogo. Kisha aliuchukua mfuko kwa mikono miwili, akauvaa kifuani kwa kuwa wake ulikuwa mgongoni, akasema, "Natangulia, Baba," akateremka. Alijua kwamba mkwe asiyetakiwa hageukigeuki kumtazama mzee. Alidhani namfuata kwa umbali wangu wa kawaida.

Mimi nilirudi hatua thelathini kuhakikisha kwamba hakuna aliyesahaulika nyuma. Moshi ulinifunika kama shuka. Mguu ukaingia kati ya mizizi, nikasikia kifundo kikisema neno, nikabingirika hadi korongoni. Nilipokaa juu ya lile jiwe na kupapasa mgongo wangu, ndipo nilipotambua hali ilivyo. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na maji, filimbi, redio, na mimi.

Niliita. Moto una sauti kubwa kuliko ya mwalimu yeyote. Nilijaribu kutambaa, nikaona kwamba nazunguka. Basi nikalowesha leso kwenye kijito kilichokuwa kimebaki na maji ya kujaza kikombe, nikajifunga puani, na nikaomba. Sala yangu ilianza vizuri na kuharibika katikati, kwa kuwa nilijikuta nikimshitaki mkwe wangu mbele ya Bwana kwa kosa la kunibebea mzigo, na hata mimi nilisikia jinsi shitaka hilo lilivyokaa vibaya. Joto lilikuwa linapanda. Majani ya juu ya korongo yalianza kukunjamana. Hapo ndipo hofu ilipokuja, nayo ilikuja bila haraka, ikakaa karibu nami juu ya jiwe.

Yaliyotokea uwanjani nilisimuliwa na wote wawili, Agnes na Dorkasi, na masimulizi yao yanalingana.

Dorkasi alikuwa akigawa uji. Alipita nyuma ya Agnes, akauliza kama baba yake ameshatoka.

"Katoka zamani, dada. Huyu hapa, anakaribia. Yuko na namba kumi na mbili."

Dorkasi aliinama kutazama kioo. "Yuko naye vipi?"

"Pamoja. Tazama, nukta zimepandana. Tangu kule kwenye kisiki hawajaachana hata hatua moja. Nadhani mumeo kamshika mkono."

Dorkasi aliweka bakuli chini. "Basi huyo siye baba."

"Kifaa hakikosei, dada Dorkasi. Nimekipima mara mia."

"Sisemi kinakosea. Nasema humjui baba yangu. Baba hawezi kutembea hatua kumi karibu na Hamidu. Hata kwa moto. Angeungua kwanza."

Agnes alimtazama, akamwona hatanii. Alichukua redio. "Namba kumi na mbili. Mzee uko naye hapo?"

"Yuko nyuma yangu," sauti ya Hamidu ilijibu. "Mfuko wake ninao mimi."

Agnes aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya utafiti, hakuna aliyewahi kumwandaa kwa jambo hilo. Hakuna mbwa mwitu aliyewahi kumbebea baba mkwe wake ukanda. Lakini mikono yake haikusita. Vifaa vyake hutunza nyayo zote, kama vilivyotunza za wanyama. Alirudisha nyuma safari ya nukta yangu hadi mahali iliposimama dakika tatu bila kusogea kabla ya kupandana na ile nyingine, akajua hapo ndipo mfuko ulipobadili mgongo, na akajua kwamba mguu wangu mwenyewe uliishia karibu na hapo.

"Geuka," alimwambia Hamidu. "Nitakuongoza. Joto likizidi nitakwambia, na nikikwambia simama, simama."

Dorkasi aliomba redio. Agnes alidhani atamwambia mumewe awe mwangalifu. Dorkasi alisema, "Mwite Baba. Usimwite Mzee. Mwite mpaka aitike," akairudisha.

Korongoni nilisikia sauti kabla ya kuona mtu.

"Baba."

Ilikuwa inatoka juu, upande wa kushoto, kisha ikapotea. Ikarudi kutoka mbali zaidi. Moshi ulikuwa mzito. Angeweza kupita hatua tano kutoka kwangu asinione.

"Baba. Baba."

Kwa miaka minne nilikuwa nimeliacha neno hilo lidondoke chini kila lilipotoka kinywani mwake. Ningeweza kupiga kelele tu. Ningeweza kusema "huku", na angenisikia. Nakumbuka kwamba niliyapima maneno hayo yote, nikiwa na nafasi ndogo ya kupima, nikayaona mafupi.

"Naam, mwanangu Hamidu," niliitika. "Niko huku chini."

Kisha mawe yakaporomoka, naye akatokea, masizi uso mzima, mifuko miwili kama punda wa sokoni. Alinipa maji. Alinitazama mguu. Hakusema neno juu ya nilivyomwita, na namheshimu kwa hilo. Aliutupa mfuko wake, akanifunga wangu mgongoni kwangu, akaniambia nipande mgongoni kwake.

"Namba moja nakuona," redio ilisema mgongoni mwangu, na sauti ya Agnes ilikuwa imelowa. "Endeleeni na korongo, moto uko juu yenu upande wa kulia. Mita mia mbili mtoke kushoto."

Tulitoka kama alivyosema. Katikati ya njia Hamidu alianza kuhema.

"Baba, mbona una uzito hivi?"

"Ni elimu."

Alicheka hadi tukakaribia kuanguka sote wawili, nikalazimika kumwambia azingatie miguu yake.

Jumatatu iliyofuata nilikiitisha kikosi, mguu wangu ukiwa juu ya stuli. Wapo waliotaka vifaa virudishwe mbugani. Walisema vimetudanganya. Nilisimama kwa mkongojo, nikasema kwamba kifaa kilisema kweli: kiliulizwa mfuko uko wapi, kikajibu. Aliyeagiza kiwekwe mfukoni ni mimi, kwa kiburi, na aliyenyamaza alipoombwa mzigo ni mimi, kwa kiburi kilekile. Nilimwomba Agnes radhi mbele yao. Sijui kama watu walishangazwa zaidi na kosa langu au na kukiri kwangu. Fanueli aliacha kuchonga mpini, jambo ambalo sijaliona msibani wala harusini.

Likabaki swali la mahali pa kukiweka. Agnes, kwa sauti ndogo, alitaja tena shingo. Akatazamwa. Mmoja akasema kofia. Akajibiwa kwamba kofia huvuliwa kwa salamu. Mwingine akasema kiatu. Wakakumbushana kwamba katika kijiji hiki viatu vya moto huazimwa kati ya ndugu, na siku ya hatari tungemtafuta mtu tukampata kaka yake. Ikawa kila kiungo cha mwili kina desturi yake inayokivua.

"Mkanda wa suruali," Fanueli alisema. "Kwa ndani. Hajazaliwa mkwe atakayemwambia baba mkwe, nikubebee mkanda."

Kicheko kilichukua muda kutulia. Agnes peke yake hakucheka, alikuwa akiandika. Niliegemea nikasoma daftari lake: *Kiunoni, ndani ya mkanda. Kinagusa ngozi, mapigo ya moyo yatasomeka. Sababu ya uchaguzi: heshima.* Aliniambia miezi kadhaa baadaye kwamba wakubwa wake chuoni walimuuliza ana ushahidi gani wa kitaalamu kuhusu sababu hiyo, naye aliwajibu kwamba ushahidi huo una kilo sitini na nane na unaishi Suji. Visanduku vya aina hiyo sasa vinavaliwa na vikosi vya vijiji vingine vitatu vya milimani kwetu.

Mguu ulipopona, nilimwambia mke wangu achague Jumapili moja. Hakuuliza ni ya nini. Tulishuka Kisiwani kwa gari la maharage, mimi nikiwa na koti langu la kanisani katika joto ambalo lingeivisha yai.

Mama yake Hamidu, Bi Salha, alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Karibu, mkwe. Wazee wetu walipanda mara mbili, wewe umeshuka mara moja. Bado tunakudai safari."

"Nitailipa, Bi Salha."

"Nitakukumbusha. Ingia. Nguruwe sisi hatuli na ninyi Wasabato hamli, kwa hiyo tumekwisha kukubaliana jambo moja, na mchana bado mrefu."

Alileta wali na kuku wa nazi. Alininawisha mwenyewe, kisha akaniambia niombe mimi kwa vile ni mgeni, na wao wataitikia. Niliomba kwa ufupi ambao wanafunzi wangu wa zamani wasingeusadiki. Nyumba nzima ikasema amina, na Dorkasi akatoka nje kidogo kwenda kuangalia kitu jikoni.

Baada ya kula nilimwomba Hamidu anionyeshe shamba lake la mpunga. Kijia cha kwenda huko kinafuata ukingo wa mfereji, ni chembamba, na watu wawili hawatoshi. Alisimama kando, akainamisha kichwa, akanipisha nipite mbele kama inavyompasa mkwe.

Nilimwambia atangulie yeye, kwa kuwa huku chini mimi siijui njia.